Soda Iliyofunguliwa Jikoni

Malaba
Jumapili, 14 Julai 2024

Kwa Linet Alupo, binti wa marehemu ndugu yangu Oluka.

Yoga, nakusalimu. Mimi baba yako mkubwa ni mzima, ingawa kuna watu waliotaka isiwe hivyo. Mahindi ya nyumbani Amagoro yamekomaa na tumeanza kuyachoma. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Habari njema zimeishia hapo.

YAH: SUMU

Jumamosi tarehe sita tulikusanyika kwenu kumkumbuka baba yako, mwaka wa tatu tangu tumzike. Wewe hukuja, ulisema una kazi. Wageni wote walipewa soda na kila mtu akafunguliwa chupa yake mbele ya macho yake, kama tunavyofanya hapa tangu soda ijulikane. Mimi mkubwa wa mji nililetewa chupa iliyokwisha kufunguliwa. Ilitoka jikoni mkononi mwa mama yako, Roselida. Nikamuuliza mbele ya watu, "Mbona hii iko wazi?" Akanijibu, "Opena ilikuwa jikoni, mzee. Kunywa tu, wageni ni wengi."

Nikanywa. Ilikuwa na ladha ya msumari. Midomo ikafa ganzi, vidole vikaanza kuchomachoma kama vimekaliwa na siafu. Nikasimama na kusema wazi kwamba mwanamke huyu ameniwekea kitu. Nilikunywa maziwa mpaka nikatapika, na ndiyo maana leo ninaandika.

Chupa ninayo. Nimeifunga kwa gazeti, nikaandika tarehe, nikagonga muhuri wa ofisi. Nimekuwa wakala wa forodha miaka thelathini na moja, na kwangu kitu kisicho na tarehe na muhuri hakipo.

Ukoo utakutana Jumamosi tarehe 28 Desemba, watu wakiwa wamerudi kwa Krismasi. Nitasema mama yako arudi kwao Nambale, na hakuna atakayenipinga. Usinipigie simu, namba yako na yake nimezifungia zote mbili. Kama una neno, liandike na ulitie tarehe. Dancan dereva wa lori atakuwa anabeba.

Nimeandika kwa mkono wangu na nimegonga muhuri.

Zephaniah Emong

—

Nairobi
Ijumaa, 2 Agosti 2024

Baba Mkubwa Emong,

Yoga. Barua yako nimeipokea Mlolongo, malori yanapoegeshwa. Dancan alisema, "Sista, mzee amekasirika, hata salamu hakunipa." Mimi ni mzima. Huku ni baridi, na mafua yamepita nyumba hadi nyumba. Nafurahi kuhusu ndama.

Mama yangu hakukuwekea kitu. Naanza na hilo ili usije ukasema umefika mwisho wa barua hujaliona. Miaka ishirini na sita amepika katika mji huo. Amekupikia wewe ulipovunjika mguu, amempikia bibi mpaka bibi akafa, na hakuna aliyewahi kushika tumbo. Sasa meza yake ya chapati na madondo pale sokoni Amagoro haina watu. Wapita njia wanamwangalia kama anauza chatu. Umefanya hivyo kwa sentensi moja, umesimama na kofia kichwani, na bado unataka salamu zangu.

Nakiri kosa moja. Chupa ya mgeni haifunguliwi jikoni. Mama analijua hilo na ameniambia limemliza. Opena ilikuwa moja, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya jikoni kwa sababu huwa inaibwa. Hiyo ndiyo hadithi yote.

Nina maswali matatu. Wewe ni mtu wa makaratasi, kwa hivyo yajibu moja moja. Tangu siku hiyo umekunywa soda mahali pengine, na ikawaje? Chai ina ladha gani? Na vidole bado vinachomachoma?

Sitakuambia ni kwa nini nauliza.

Linet Alupo

—

Malaba
Jumapili, 1 Septemba 2024

Kwa Linet Alupo.

Yoga. Nimechelewa kwa sababu kazi ni nyingi na foleni ya malori ni ndefu. Njugu tumeng'oa. Ndama anaendelea. Shangazi yako Aguti anakusalimu, ingawa nimemwambia asikusalimu.

YAH: MASWALI YAKO

Unaniuliza kama karani anayetafuta sababu ya kuzuia mzigo. Nitajibu, kwa kuwa sina cha kuficha.

La kwanza. Nimekunywa soda kwa Bwire, hoteli yake iko kando ya ofisi yangu. Chupa niliifungua mwenyewe, kwa meno. Ilikuwa na ladha ya msumari vilevile. Nikaenda duka la pili, vilevile. Nikavuka mpaka nikanunua ya Uganda, vilevile, tena haina hata ule ukali wa kuchoma ulimi. Hii inaonyesha jinsi sumu ya mama yako ilivyo kali. Imekaa ulimini miezi miwili.

La pili. Chai ni chai. Haina neno.

La tatu. Vidole vinachoma asubuhi, baada ya kifungua kinywa, halafu vinapoa. Baadaye vinaanza tena. Na nakwenda haja ndogo kama mtoto. Hilo hukuuliza, nakuambia ili ujue nilivyoharibiwa.

Usiniandikie tena kwa wino huo wa buluu hafifu. Andika kwa wino mweusi, na uandike herufi kubwa kidogo. Una mwandiko wa kuku.

Zephaniah Emong

—

Nairobi
Jumatatu, 16 Septemba 2024

BABA MKUBWA,

Yoga. Naandika kwa wino mweusi na herufi kubwa, kama ulivyotaka. Mimi ni mzima. Mwenzangu wa chumba ameolewa na nimebaki peke yangu na vyombo vyake. Msalimu shangazi Aguti, na umwambie nimemkumbuka bila ruhusa yako.

Kwa hivyo mama yangu ametia sumu kwa Bwire, kwenye duka la pili, na Uganda nzima. Mwanamke mmoja wa Nambale, bila gari.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana hujawahi kuniuliza. Nilipoingia chuo uliwaambia watu nimekwenda kusomea kuosha chupa. Chupa naosha, ni kweli. Lakini ninachotafuta ndani yake ni kitu kimoja, kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi mwilini bila kuchoka. Hiki changu kiko kwenye damu, kiko machoni, na kiko hata kwenye ulimi. Kazi yake ni kuchukua ile hewa tunayoipumua nje na kuiunganisha na maji.

Fikiria dirisha la forodha. Kimeng'enya kina kishimo, na chini kabisa ya kishimo kuna chembe moja ya zinki, zinki ileile inayopakwa kwenye mabati. Vishikio vitatu vimeishika isitoke. Upande wake wa nne hukaa maji. Hewa inaingia, inakutana na yale maji, inatoka ikiwa kitu kingine, na nyingine inaingia. Inafanyika karibu mara milioni moja kwa sekunde. Hata ofisa aliyeahidiwa chai hafanyi kazi hivyo.

Halafu kuna vizuizi. Ni vitu vidogo sana, vidogo mara mia kuliko kimeng'enya chenyewe. Kizuizi hakivunji dirisha wala hakimuui ofisa. Kinaingia kishimoni, kinayasukuma maji nje, na ncha yake yenye naitrojeni inaishika zinki. Mkia wake unalala kwenye ukuta wa kishimo na kinatulia hapo. Foleni yote inasimama nje.

Ulimini, kimeng'enya hicho ndicho kinachogeuza mapovu ya soda kuwa ukali ule unaochoma. Kizuizi kikikaa kwenye zinki, ukali unakufa na mdomoni inabaki ladha ya chuma. Chai haina mapovu, kwa hivyo chai ni chai. Vidole kuchomachoma na kwenda haja ndogo ni kazi ya kizuizi hichohicho, kinapopita kwenye damu. Kinaanza ukishameza na kinapoa kikitoka mwilini. Baada ya kifungua kinywa, ulisema. Kisha tena.

Kwa hivyo kuna kidonge, Baba Mkubwa. Unakimeza kila asubuhi na kila jioni. Kidonge hicho wanapewa watu wenye presha ya macho, kwa sababu machoni kimeng'enya hicho husaidia kutengeneza maji, na maji yakizidi yanauponda mshipa wa kuonea. Barua yako ya Julai ilikuwa imekaa ndani ya mistari. Ya Septemba imevuka mistari yote, na muhuri umeugonga kichwa chini.

Unapofuka, na ulijua siku ile uliponyanyuka kwenye kiti na kumwita mama yangu mwuaji.

Sitamwambia mtu, hata yeye. Hiyo ni ahadi, nimeitia tarehe. Lakini kabla ya mkutano wa Desemba utasimama palepale uliposimama na kusema sumu haikuwepo. Usiposema wewe nitakuja kusema mimi.

Linet

—

Malaba
20 Oktoba 2024

Kwa Linet.

Yoga. Watu ni wazima. Mvua ya pili imekuja vizuri. Ndama amekufa.

YAH: MATUSI

Nimesomewa, yaani nimesoma, barua yako mara mbili. Unaniandikia mimi, niliyekubeba mgongoni kukupeleka kliniki ya Kocholia ulipokuwa na malaria, kwamba ninapofuka. Macho yangu yanaona. Naiona barabara na naona lori. Namwona mama yako akipita mbali na ofisi yangu, na namwona akigeuza uso.

Unajua vimeng'enya, lakini Malaba huijui. Dereva akishuka kwenye lori ananipa makaratasi ya mzigo wa mtu mwingine, wa maelfu kwa maelfu, ananiambia, "Mzee, nakuachia, wewe ndiye unasoma." Namba moja ikikosewa lori linalala hapa wiki. Siku nitakaposema mbele ya ukoo kwamba nina ugonjwa wa macho, mpaka jioni Malaba nzima itakuwa imejua. Kijana wangu Oluka, niliyempa jina la baba yako, yuko kidato cha tatu. Nitamlisha kwa kukumbuka nilivyokuwa nasoma?

Kwa hiyo hakuna ugonjwa na hakuna kidonge. Mama yako alifungua chupa jikoni.

Kitu kilichomo ndani ya bahasha hii si changu. Kimeokotwa. Wewe unayeosha chupa, kiangalie unavyojua, na unipe jibu lenye tarehe.

Z. Emong

—

Nairobi
Ijumaa, 8 Novemba 2024

BABA MKUBWA,

Yoga. Pole kwa ndama.

Kidonge chako kilichookotwa, kilichofungwa kwa karatasi na kugongwa muhuri wa ofisi yako, nimekipima. Ningeweza kusoma tu herufi zilizochorwa juu yake, lakini uliomba jibu.

Kila asubuhi maabara nafungua maji yenye gesi, ya baridi. Nina rangi ambayo ni buluu, na asidi ikitokea inageuka manjano. Nikimimina yale maji bila kimeng'enya, buluu inakaa zaidi ya dakika ndipo igeuke. Nikitia kimeng'enya inageuka kabla sijamaliza kuhesabu kumi na mbili. Nikatia kimeng'enya pamoja na punje ya kidonge chako iliyoyeyushwa. Nilihesabu hadi themanini na mbili na buluu bado ilikuwepo. Zinki yote imeshikwa. Nilirudia mara tano, na sijawahi kukasirika hivyo nikishika chupa ya kioo.

Nimeweka picha na tarehe. Sijaweka muhuri kwa sababu sina, sisi huku tunaamini macho.

Sasa nimechoka kukubembeleza. Jana mama alinipigia. Mwenye kibanda amemwambia aondoe meza yake kwa sababu inafukuza wateja wa majirani. Hakulia, na nikajua mambo yameharibika, kwa sababu mama yangu hulia hata kwa harusi. Ameanza kufunga vyombo vyake kwenye gunia. Hangojei hata mkutano wako.

Kama huniamini, jiamini mwenyewe. Acha vidonge siku tatu. Kizuizi hakijashonewa kwenye zinki, kinashika na kuachia, na kisipoongezwa kinatoka mwilini. Siku ya nne nenda kwa Bwire, fungua soda kwa meno yako. Ikiwa bado ina ladha ya msumari, nitakuja mwenyewe nimbebe mama hadi Nambale. Ikichoma ulimi kama zamani, wewe ni mwongo na umempokonya mjane mji wake ili watu wasijue unavaa miwani isiyokusaidia tena.

Linet

—

Nairobi
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Baba Mkubwa,

USIACHE VIDONGE. KAMA UMEACHA, MEZA LEO.

Sina salamu. Leo maabara nilikiosha kile kimeng'enya, nikakitoa kizuizi, nikakipima upya. Manjano ilitokea kwa sekunde kumi na tatu. Kimeamka chote. Nikasimama na chupa mkononi nikaona jicho lako. Kimeng'enya cha machoni nacho kimeamka, kinatengeneza maji, na mahali pa kutokea pamefungwa.

Nilijua, na hilo ndilo baya. Hakuna mtu Nairobi hii anayejua kuliko mimi kidonge kile kinazuia nini, na bado niliandika yale maneno kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi, ili uyasome vizuri. Nilitaka ushindwe. Nimejifungia chooni kazini nalia, na hata machozi haya nayachukia.

Dancan alishaondoka na barua ya tarehe nane siku ileile. Hii naitia kwenye lori la rafiki yake, lakini wanasema foleni imetoka Malaba na kurudi nyuma kilomita nyingi. Namba yangu umeifungia. Nimempigia mama dakika tano zilizopita. Nimemwambia kidonge, macho, kila kitu. Nimevunja ahadi niliyoitia tarehe. Aliuliza kitu kimoja tu, "Sasa yuko wapi huyo?" akakata simu.

Akifika, mfungulie.

Linet

—

Amagoro
Jumatatu, 30 Desemba 2024

Kwa Linet Alupo.

Yoga. Mwandiko huu si wangu, utautambua. Mimi ninasema na mwingine anaandika. Mihogo imeanikwa. Oluka amefaulu kuingia kidato cha nne, hesabu zimemshinda kidogo. Aguti anakusalimu, na safari hii nimemruhusu.

YAH: HESABU YA SIKU

Barua yako ya tarehe nane niliipata Jumamosi tarehe tisa. Niliacha vidonge siku hiyo, kwa hasira. Jumatano nikaenda kwa Bwire, nikafungua soda kwa meno. Linet, ilichoma ulimi. Machozi yalinitoka. Bwire akasema, "Mzee, kwani soda ni pilipili?" Nikaimaliza yote nikaagiza nyingine, na nilipoweka chupa chini nilijua nimemfanya nini mke wa ndugu yangu.

Nilipaswa kwenda nyumbani nikameze. Sikumeza. Nilikaa nikifikiria kwamba nikimeza nimekubali kuwa mgonjwa, na nikikubali kuwa mgonjwa lazima niseme. Usiku mmoja tu ulitosha. Alhamisi taa zote zilikuwa na upinde wa mvua, na jicho la kulia liliuma hadi nikawa natapika sakafuni.

Saa saba mchana mlango ukagongwa. Nikauliza nani. Akasema, "Ni mimi Roselida." Nikamwambia, "Toka kwangu! Umekuja kumalizia?" Akasema, "Mzee, fungua ama nivunje, nimekuja na shoka la Bwire." Nikafungua. Alikuwa na shoka kweli. Alitafuta vidonge chini ya godoro kama aliyekwisha kuambiwa, akanipa na maji, akanifunga kwa leso juu ya bodaboda kati yake na dereva, akanipeleka hospitali. Barua yako ya pili ilifika Malaba tarehe kumi na tisa.

Jicho la kulia limekwenda. La kushoto limebaki kidogo, wameniongezea na dawa ya matone. Sehemu yako katika jicho hilo unaijua, na yangu naijua. Sitakupunguzia yako. Uliandika yale ukijua. Nami sitajifanya kwamba ulinishikia mkono nisimeze. Kwa hayo mawili tutazeeka, na usidhani kwamba kwa sababu nimekuandikia basi tumepatana.

Mkutano ulikuwa juzi, kwenu. Watu walikuwa wengi. Nilikaa kwenye kiti kilekile. Walipoleta kreti nikasema, yangu isifunguliwe hapa. Nikasema, "Roselida, chukua hiyo chupa, nenda nayo jikoni, funga mlango, uifungulie huko." Nikasikia kizibo kikianguka huko ndani. Akarudi nayo. Nikasimama, nikatoa vidonge mfukoni, nikawaambia vinaitwaje na kwa nini ninavimeza tangu Mei, na kwamba nilivifuata ng'ambo ya mpaka ili nisionekane. Nikasema sumu haikuwepo. Nikasema ilikuwepo midomoni mwangu tu, na niliitoa mwenyewe.

Nikanywa. Dawa imerudi mwilini, Linet, kwa hivyo ilikuwa na ladha ya msumari. Nikanywa yote mpaka chini, wakinitazama.

Leo asubuhi dereva mmoja alifika ofisini, akaniangalia, akasema "Pole mzee," akapeleka makaratasi yake kwa wakala wa mlango wa pili. Ndio hivyo.

Chupa ile ya Julai nimeitupa chooni.

Zephaniah Emong

Linet mwanangu, ni mimi mama. Nimeandika alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza, hata pale anapokusema vibaya. Ameniomba nimgongee muhuri kwa sababu haoni upande wake wa juu, na nimegonga. Vyombo nimevitoa kwenye gunia. Matone yake namtia asubuhi na jioni, mara nyingine ananishukuru na mimi sijibu. Sijamsamehe. Anajua, kwa sababu nilimwambia kwa sauti nikiwa mlangoni pa jikoni, kabla sijafungua ile chupa, na bado akainywa.